Turubai la Kijani

Salatiga, 3 Februari 2009

Mwanangu Wening,

Barua yako imefika salama. Nakushukuru kwa kuandika badala ya kupiga simu. Siku hizi nikishika simu nasikia nusu ya neno, nusu nyingine naibuni mwenyewe, na daktari hastahili kujibiwa kwa maneno ya kubuni. Binti yangu Ratri ananisihi ninunue kifaa cha masikio. Nimemwambia barua haihitaji betri.

Kwanza, hongera. Ulipokuja kwangu Kaliranggas ulikuwa mwanafunzi anayeiogopa sindano kuliko mgonjwa anavyoiogopa. Leo umekalia kiti changu cha mkuu wa kituo cha afya, na umeuliza swali la mkuu: katika mpango wa dharura nilioandika, ni jambo gani lisiachwe siku ya zoezi?

Nitajibu polepole. Siku ya kawaida mgonjwa mmoja ana wauguzi watatu. Siku ya maafa muuguzi mmoja ana majeruhi kumi. Mpango mzima umeandikwa kwa ajili ya siku hiyo hesabu inapopinduka. Ukimkimbilia anayepiga kelele, umemwacha asiyeweza kupumua. Ndiyo maana tunawapanga. Turubai jekundu ni la wanaoweza kufa muda si mrefu, la njano ni la wanaoweza kungoja, la kijani ni la waliochubuka tu. Jeusi ni la wale ambao hatuna tena la kuwafanyia.

Kila kitu kinaanza na sentensi moja ya kipaza sauti: "Anayeweza kutembea, aende kwenye turubai la kijani." Wageni waliotufundisha Surabaya walituonyesha uzuri wake. Kwa pumzi moja umeondoa nusu ya watu uwanjani, na mikono yako yote inabaki kwa wasioweza kusimama. Kwenye kijani weka wahudumu wa afya wa kijiji, chai ya moto yenye sukari, na mtu wa kuandika majina. Basi.

Ofisi ya afya ya wilaya imeahidi kwamba zoezi likienda vizuri, mpango huu utachapwa kitabu na kupelekwa kila kituo, kuanzia milimani kwenu hadi pwani. Ukishakuwa kitabu utakuwa amri, na muuguzi habishani na amri. Kwa hiyo usinipake mafuta. Ukiona ufa, sema.

Wako,
Mardikun

---

Kaliranggas, 2 Machi 2009

Kwa heshima, Bapak Mardikun,

Zoezi limefanyika jana katika uwanja wa shule. Mgeni wa wilaya aliletewa kochi kutoka nyumbani kwa mkuu wa kijiji, Pak Lurah, akakaa hapo na mkuu wa tarafa. Majeruhi wetu wa kuigiza tuliwapaka sharubati nyekundu, na kabla ya hotuba kwisha siafu walikuwa wamefika.

Muuguzi Esti ndiye aliyeshika kipaza sauti. Ni binti mwenye adabu mno. Alisema, "Samahani sana, akina baba na akina mama, wale wanaoweza kutembea, kama hamtajali, tafadhali…" Mama mmoja, Bu Ngatmi, muuza tempe za soya, tulikuwa tumemvika kadi inayosema anavuja damu ndani, hali mbaya kabisa. Akainuka, akakung'uta vumbi, akapita mbele ya wageni ameinama mpaka kwenye kijani.

Nikamfuata. "Bu Ngatmi, wewe si unakufa?"

"Najua, Bu Dokta. Lakini nitalalaje chali mbele ya wakubwa, miguu imewaelekea? Heri nife nimekaa."

"Mwacheni," wenzake wakasema, "maiti huyu amelelewa."

"Amelelewa wapi? Maiti gani anakula lemper tatu?"

"Mbili," Bu Ngatmi akajibu mdomo umejaa wali. "Ya tatu ya mjukuu wangu."

Uwanja mzima ulicheka, mgeni naye akacheka, akaandika "vizuri sana". Lakini Bapak, si yeye peke yake. Karibu wote tuliowapangia majeraha makubwa waliinuka na kutembea, na sababu yao ilikuwa moja: hawakutaka kutusumbua. Uliniambia nikiona ufa niseme. Watu wetu wakiwa tayari kutembea hali wanakufa, je, kutembea kunatuambia kitu gani?

Naomba radhi kwa swali hili.

Wening

---

Salatiga, 9 Machi 2009

Mwanangu Wening,

Swali ni zuri, na radhi haihitajiki.

Mwigizaji si mgonjwa. Bu Ngatmi hakuwa na jeraha, alikuwa na sharubati. Mtu mzima wa afya, mbele ya kochi la mkuu wa tarafa, hukumbuka adabu kwa sababu hana jingine la kukumbuka. Maumivu ya kweli huvua adabu kama mtu avuavyo shati lililoshika moto. Nimezalisha wake wa watukufu waliokuwa wakizungumza nasi kwa lugha ya kifalme walipopokewa mlangoni. Uchungu ulipokolea walitukana kama wasukuma mikokoteni. Hakuna aliyeniambia "samahani" akiwa katikati ya uchungu.

Mwakani chagueni vijana wa shule wacheze majeruhi. Watapiga kelele zinazotakiwa, na zaidi.

Kitabu kimekwenda kwa mchapaji. Sherehe ya kukizindua ni tarehe 28 Mei. Ratri ameninunulia shati la batiki lenye bei isiyoelezeka, na anataka nilijaribu kila siku, utadhani mimi ndiye bibi harusi.

Mardikun

---

Kaliranggas, 20 Aprili 2009

Kwa heshima, Bapak Mardikun,

Natumaini barua hii inakukuta katika afya njema.

Juzi Jumamosi, lori la kabichi lililobeba majirani wa kitongoji cha juu lilishindwa breki kwenye kona ya shamba la chai, likalala ubavu. Walikuwa wanakwenda hospitali ya wilaya kumtazama mwenzao aliyelazwa. Mpango wako ulifuatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Maturubai yalitandazwa kabla majeruhi wa mwisho hajatolewa. Katika jekundu tulikuwa na kijana aliyevunjika paja na kupoteza damu nyingi. Tulimfunga, tukamwekea dripu, akaondoka na gari la kwanza na jana amezungumza na mama yake. Mama mmoja alikuwa na mbavu zilizobonyea na pumzi fupi; Mantri, muuguzi wetu wa kiume, alimtoa kwa sindano hewa iliyonasa kifuani pale pale barabarani, yuko hai. Mtoto aliyezimia amezinduka na anaomba soda. Katika njano walikuwa wenye mikono na vifundo vilivyovunjika, wote wamefungwa plasta. Magari yalipishana bila amri kugongana. Redio ilifanya kazi. Hata wale ndugu waliokuja mbio kutoka kijijini walizuiwa kwa kamba, kama ulivyoandika.

Turubai la kijani lilihudumiwa ipasavyo.

Ofisi ya wilaya imetutumia pongezi. Tunakushukuru sana, Bapak.

Wening

---

Kaliranggas, 20 Aprili 2009

Dada Ratri,

Nimetoka kumwandikia Baba barua na sijamwambia kitu. Naomba msaada wako.

Mtu mmoja amekufa. Hakufia kwenye turubai jekundu wala jeusi. Amefia kwenye kijani, amekaa, kikombe cha chai mkononi. Anaitwa Mbah Kasirah, bibi aliyekuwa akipikia harusi zote za kitongoji kile. Alitembea mwenyewe mpaka pale, kwa sababu tulisema anayeweza kutembea aende pale.

Sasa sentensi hiyo iko kwa mchapaji. Mwezi ujao itakuwa amri ya kila kituo cha wilaya nzima, na kila mahali kuna Mbah Kasirah. Nikinyamaza, itatoka. Nikisema, namwambia mtu aliyenifundisha kazi, mwenye moyo uliopasuliwa Novemba, kwamba kazi ya maisha yake imemketisha bibi chini afe bila kuangaliwa. Nilianza kuandika mara nyingi. Kila mara kalamu ikageuka ikaandika shukrani.

Wewe unamjua. Nifanye nini?

Wening

---

Salatiga, 25 Aprili 2009

Mdogo wangu Wening,

Nimesoma barua yako nikiwa jikoni, nikaificha ndani ya debe la mchele kama msichana wa shule. Pole sana, wewe na huyo binti Esti.

Lakini nakuomba, ngoja. Daktari wake amesema asishtuliwe. Wewe mwenyewe ni daktari, unajua zaidi yangu. Kila asubuhi anavaa lile shati la batiki, anashika lenzi, anasoma kurasa za mchapaji akitafuta nukta zilizopotea. Jana amemsomea jirani sura ya redio. Jirani hana redio, ni fundi baiskeli, na alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima tu. Tangu mama afe sijamwona Baba na njaa ya chakula kama sasa.

Sherehe ipite. Baadaye utamweleza taratibu, na vitabu hurekebishwa toleo la pili. Mwezi mmoja, Wening. Hakuna lori litakaloanguka ndani ya mwezi mmoja.

Dada yako,
Ratri

---

Salatiga, 4 Mei 2009

Mwanangu Wening,

Nimeirudia barua yako ya tarehe 20 mara kadhaa. Ni barua safi. Usafi wake ndio unaonisumbua.

Nikueleze namna mzee anavyosoma ripoti. Mtu mwenye afya njema huwa na lalamiko moja au mawili: kiatu kinambana, chai imepoa. Asiye na lalamiko hata moja, namwangalia upya. Ripoti yako haina lalamiko. Umenishukuru pale ambapo kwa kawaida ungeniuliza. Tena, jekundu umelieleza jeraha kwa jeraha, njano umeipa sentensi nzima nzuri, na kijani, mahali walipokaa watu wengi kuliko kwingine kote, umekipa maneno matano. Tumbo la mgonjwa likiwa gumu mahali pamoja, ndipo unapoweka mkono.

Ratri naye ananipikia supu bila sababu, na nikitaja Kaliranggas anaanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kwa hiyo sikuulizi habari za kijani, maana utanijibu ni njema. Nakuagiza. Kaa chini, andika nani alikaa pale, nani alimshika mkono, na nani aliondoka mwisho. Moyo wangu umeshonwa na fundi mzuri. Niachie mimi niuangalie.

Mardikun

---

Kaliranggas, 9 Mei 2009

Bapak,

Umeniagiza, nami natii.

Mbah Kasirah alitoka mwenyewe chini ya turubai la lori. Vijana wawili walimletea machela. Akawaambia, "Hebu nendeni huko na kitanda chenu. Mchukueni mtoto wa Parto, mimi nina miguu." Kitenge chake kilikuwa kimechanika, akaazima kingine, akajifunga vizuri na kusuka nywele upya. Esti aliposema kwenye kipaza sauti, bibi alikuwa wa kwanza kuanza kutembea. Alipompita, Esti alimuuliza, "Samahani, Mbah, hakuna panapouma?"

"Hamna kitu, mwanangu. Umekula wewe? Mbona umekonda hivi?"

Esti anasema aliona uso wa bibi umepauka na una jasho. Alitaka kumshika mkono. Lakini bibi ameshasema hajambo, na kumshika mtu mzima wa umri ule baada ya kukujibu ni kumwambia kwamba ni mwongo. Akamwinamia, akampisha.

Kwenye kijani, mhudumu wa kijiji alikuwa anagawa chai. Mbah Kasirah akamnyang'anya birika. "Wewe unamwaga tu. Leta hapa." Nani angembishia? Wengi wao harusi zao alizipika yeye. Aliwamiminia watu wote, akajimiminia wa mwisho, akakaa akaegemea mti uliofungiwa ile kamba ya kuzuia ndugu, akafunika magoti. Waliokuwa jirani naye waliona amelala. Wakapunguza sauti wasimwamshe.

Tulijua majina yalipoitwa. Bandama lilikuwa limepasuka, damu imejaa tumboni. Hospitali inaye daktari wa upasuaji siku za Jumamosi. Gari la tatu, Bapak, liliondoka na nafasi moja tupu, kwa sababu hatukuwa tena na mgonjwa mzito wa kumweka.

Huyo ndiye aliyeondoka mwisho. Hakuna aliyemshika mkono.

Nilikuficha kwa sababu niliona haya kukutia uchungu. Uliniuliza hali, nikakujibu hamna kitu. Najua nilichofanya.

Wening

---

Salatiga, 18 Mei 2009

Wening,

Baba yu hai. Nakuanzia hapo kwa sababu nami ningetaka kuanziwa hapo.

Alisoma barua yako, akaikunja, akaomba uji. Akala wote. Kisha akakaa barazani, na nilipomuuliza kama anajisikia vibaya alisema, "Shika mkono wangu uhesabu, usiniulize." Nikahesabu. Ulikuwa sawa.

Kesho yake tulipanda basi kwenda wilayani. Yule bwana wa ofisi ya afya, Pak Sugondo, alitukaribisha kwa vikombe vya chai na kadi ya mwaliko iliyochapwa dhahabu. Baba hakuigusa. Alisema sentensi ya kwanza ya mpango imeua mtu, kitabu kisitoke.

"Lakini Pak, vimeshachapwa. Mgeni rasmi ameshakubali. Keki imeagizwa!"

"Keki ileteni, tutaila. Vitabu fungieni."

"Ni mtu mmoja tu, Pak. Wengine wote wamepona. Kwa lori zima, ni matokeo mazuri mno."

"Ndiyo. Na huyo mmoja ndiye pekee aliyekuwa na gari linalomngoja."

Pak Sugondo akasogeza kiti, akashusha sauti kama mtu anayefanya hisani. Akasema labda tatizo si mpango, labda ni yule muuguzi. Angeweza kuandikiwa onyo, na kitabu kikaendelea. Wening, sijapata kumwona Baba akigonga meza. Hata siku hiyo hakugonga. Aliweka tu kiganja juu yake. "Binti alitenda neno kwa neno nililoandika mimi. Muuguzi akifuata amri yako mtu akafa, unaisahihisha amri, humwadhibu muuguzi. Ukitaka kumwandikia mtu onyo, kalamu hii hapa, na jina langu lina herufi nane. Ukikosea nitakusaidia."

Onyo halikuandikwa. Vitabu viko stoo. Sherehe imefutwa, na mwaliko wa dhahabu nimewashia jiko.

Amekuachia wewe uandike upya sehemu ya kwanza, na amesema iwe na jina lako, maana swali lilikuwa lako tangu Machi na yeye alilijibu kwa habari za wake wa watukufu. Ofisi imekubali kuchapa upya iwapo zoezi jipya litathibitisha. Anasema mkono utangulie, mdomo ufuate. Na mtu wa kushika mikono asiondoke kwenye kijani mpaka wa mwisho amekwenda nyumbani.

Anasema pia katika zoezi hilo atakuja kuwa majeruhi. Nimemwambia ana wazimu. Amejibu kwamba vijana wa shule watapiga kelele, na kelele si ugonjwa wa kwetu.

Nilikuomba ungoje mwezi mmoja. Silali vizuri nikikumbuka.

Ratri

---

Kaliranggas, 24 Agosti 2009

Kwa heshima kubwa kabisa, Mbah Mardikun,

Naomba radhi kukuandikia bila kutumwa na mkuu wangu. Jina langu ni Esti, muuguzi wa Kaliranggas. Ni mimi niliyekukosea jana uwanjani mbele ya watu wote.

Ulikuja unatembea. Bu Dokta Wening alikuwa ametufundisha miezi miwili: usiulize, shika. Bonyeza ukucha uone damu inarudi upesi au inakawia. Bonyeza tumbo. Mzee akitembea vizuri, mlaze kwanza, heshima baadaye. Wengine wote niliwashika sawasawa. Lakini ulipofika wewe, mkuu wetu wa zamani, na batiki yako, mkono wangu ulirudi nyuma wenyewe. Nawe ukatabasamu ukasema, "Hamna kitu, mwanangu. Umekula wewe?"

Sijui kilichonipata, Mbah. Nilikukamata bega nikasema, "Lala!" Hukulala, nikakusukuma. Pak Lurah alikuwa hatua chache kutoka pale. Nikakufungua vifungo bila kusema samahani, nikakubonyeza tumbo. Ukataka kusema neno nami nikakukemea, "Nyamaza, Mbah! Pumua!" Kisha nikapaza sauti waje na machela ya jekundu. Kadi yako ilikuwa mfukoni, inasema unavuja damu ndani, lakini sikuisoma kwanza. Nilisikia mtu nyuma akisema, "Kizazi gani hiki," na mwingine, "Hata kuku wa kuchinjwa huombwa radhi."

Mama yangu amelia usiku kucha. Anasema hakunilea kumlaza mzee wa watu vumbini. Tunaomba radhi sana, sana. Wazazi wangu wanaomba ruhusa tuje Salatiga Jumapili tulete kikapu cha matunda, nami nipige magoti niombe radhi mbele yako.

Mwenye makosa,
Esti

---

Salatiga, 29 Agosti 2009

Mwanangu Esti,

Nimepokea barua yako, na wazazi wako nawakaribisha Jumapili. Njooni mapema kabla ya jua kali. Ratri atapika mboga za nazi, na kikapu kije, hasa ikiwa kina salak za huko kwenu. Lakini kuhusu radhi nina jambo la kukueleza, na unisikilize kwa subira, maana wazee hatujui kueleza kwa ufupi.

Mtu akiombwa radhi, husamehe. Akishasamehe, kosa limethibitika. Ndiyo kazi ya msamaha, huwezi kumsamehe mtu ambaye hakukosa. Sasa fikiri. Mkono wako siku ile ulirudi nyuma, kisha ukaja mbele. Wewe unaona kosa liko pale ulipokuja mbele. Nikikusamehe, nitakuwa nimekubaliana nawe, na mkono wako utasikia, maana mikono hujifunza mambo tusiyoyasema. Siku nyingine atakuja bibi mwingine anatembea, amejifunga vizuri, anakuuliza kama umekula. Mkono utakumbuka kwamba mara ya mwisho ulipomlaza mzee, mama yako alilia na mkapanda basi kwenda kupiga magoti. Utasita. Ni kidogo tu, kama mtu anayemeza mate. Mbah Kasirah hakuwa na muda huo.

Kwa hiyo sikusamehe. Sina cha kusamehe, na ukija ukapiga magoti nitabaki chumbani mpaka uinuke. Mweleze mama yako kwamba amekulea vizuri, na kwamba malezi yake tutayaheshimu siku zote isipokuwa siku moja. Akikataa kuelewa, nitamweleza mwenyewe wakati wa kula. Nasikia anapenda kubishana, nami sipati mtu wa kubishana naye hapa isipokuwa fundi baiskeli, ambaye hukubali kila kitu.

Pak Sugondo alikuwepo uwanjani, nyuma ya kochi. Amenipigia simu, na kwa jinsi Ratri alivyonitafsiria, kitabu kinakwenda kwa mchapaji wiki ijayo, na sehemu ya kwanza ni ya Wening.

Nikiwa kwenye machela nilitazama mawingu na nikakusikia ukimwambia anayefuata, "Lala!" Hukutazama nyuma kuona kama nimekasirika. Hapo ndipo nilipojua kwamba mkono wako umejifunza.

Bega uliloning'ang'ania limevilia damu, rangi ya bilinganya. Asubuhi ya leo Ratri ameniona navaa shati, akaniuliza kama linauma. Nikamjibu linauma.

Mardikun